Mtu Mmoja Ndani ya Trafu Namba Nne

Tecla hakuwa mtu wa kukubali neno hivi hivi, na ndiyo maana wengi kiwandani walimwona ana maringo. Ukimwambia maji yamechemka, anainuka kwenda kuyatazama. Ukimwambia meneja yuko ofisini, anakuuliza umemwona saa ngapi. Nilikuwa namtania kwamba siku ya harusi yake atamdai pasta kitambulisho. Alicheka, lakini nilimwona akilifikiria jambo hilo.

Alizaliwa Bomet, kwenye boma la chai kidogo, ng'ombe watatu wa maziwa na mahindi ya kula nyumbani. Baba yake alitaka awe mwalimu. Yeye akasomea elektroniki, akarudi na laptopu iliyovunjika bawaba moja, akaajiriwa kwenye kiwanda chetu cha chai, ambacho sitakitaja jina kwa sababu bado nakula mkate wake. Mimi ni Kebaso, fundi wa umeme, mtu wa kabila jirani, upande wa pili wa mji wa mpakani wa Chepilat. Tulipewa chumba kimoja cha kazi, yeye na programu zake, mimi na nyaya zangu. Ningependa kusimulia habari zake tu na kuishia hapo. Haiwezekani, kwa sababu kazi aliyoifanya pale ilianzia kwa Kipruto, na ya Kipruto yananihusu.

Kwa asiyejua kiwanda cha chai, majani mabichi yakifika kutoka mashambani hutandazwa kwanza yanyauke. Hutandazwa juu ya trafu, kitanda kirefu cha wavu, hatua arobaini kutoka ncha hadi ncha. Chini ya wavu ni uwazi mtupu, na mwishoni kuna feni inayomzidi mtu urefu. Feni ikiwaka, upepo hupita kule chini na kupanda kwenye majani. Vumbi na vipande vya majani hudondoka humo, kwa hiyo kila Alhamisi asubuhi wasafishaji huingia na mafagio kupitia kimlango kilicho karibu na feni. Inabidi uiname sana. Ndani kuna giza na unyevu, na ile harufu tamu ya majani yaliyonyauka ambayo hata ukioga inabaki kwenye nywele.

Kipruto alikuwa msafishaji wa trafu namba nne. Asubuhi moja, miaka mitano iliyopita, mimi ndiye niliyekuwa kwenye swichi. Niliuliza kwa sauti, "Wote wako nje?" Mtu akajibu, "Wako nje." Nikawasha. Kipruto alikuwa bado ndani, anapangusa mabapa ya feni.

Polisi walikuja, na watu wa usalama kazini wakaja, na wote niliwaeleza hivyo hivyo. Ripoti ikaandika kwamba mfanyakazi asiyejulikana alijibu. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu pale, mtu akiuliza jambo kwa sauti, aliye karibu hujibu kwa niaba ya wengine, adabu tu, kama unavyoitikia hodi ya jirani ukiwa uani. Hakushtakiwa mtu. Mjane wake, Rodah, alipewa kazi ileile ya mumewe, kwenye trafu ileile, akaikubali kwa sababu watoto walikuwa wanne. Hakuwahi kunilaumu. Kila Alhamisi alinisalimia vizuri, na kila Alhamisi nilitamani anitukane.

Tecla alipoajiriwa, hayo yalikuwa yametimiza miaka mitatu. Alisoma ile ripoti siku yake ya pili.

"Nani alijibu?" akaniuliza.

"Haijulikani."

"Kwa hivyo hamkujua wako nje. Mlidhani."

Nilikasirika. Nilimwambia aliyekuja juzi asitufundishe kazi. Hakubishana. Alienda kupima kimlango cha trafu namba nne kwa rula, akiwa amepiga magoti kwenye sakafu yenye maji.

Alichotengeneza kilikuwa kitu kidogo. Aliweka taa mbili zisizoonekana kwa macho kwenye kimlango, moja nje na moja ndani, ili mtu akipita azikatize kwa zamu na mashine ijue ameingia au ametoka. Kando ya swichi akafunga kisanduku chenye skrini ndogo inayoonyesha idadi ya walio ndani. Programu aliiandika kwa lugha ya C, na mstari wake wa mia mbili na kumi na mbili alinionyesha mwenyewe kwa kidole. Uliandikwa assert(waliomo == 0).

"Ukiandika programu unaamini vitu mingi bila kujua unaamini," akaniambia. "Assert ni kuandika ile kitu unaamini, wazi, halafu kuipatia mashine ruhusa ikukatalie. Hapa naamini hakuna mtu ndani. Kama si kweli, simama. Isijaribu kurekebisha, isiendelee kubahatisha. Ife hapo hapo, na iniambie imekufia mstari gani."

"Ife kabisa?"

"Kabisa. Programu ikikufa naiwasha tena. Lakini mtu..." Akanitazama, akageukia laptopu yake.

Tulianza kuitumia mwezi wa Mei, mwaka wake wa pili pale. Kila trafu ilikuwa na kisanduku chake, na vyote vilifanya kazi bila neno, isipokuwa cha namba nne.

Alhamisi ya kwanza wasafishaji watatu waliingia trafu namba nne na watatu wakatoka. Niliwaona kwa macho yangu, Rodah akiwa wa mwisho. Duke, kijana wa kwetu ambaye sasa ndiye mwenye swichi, akabonyeza. Feni haikuwaka. Skrini iliandika kwamba assert ya mstari wa mia mbili na kumi na mbili imeanguka, na chini yake idadi ya waliomo. Moja.

Tulimulika ndani kwa tochi. Hakukuwa na mtu. Duke aliingia mwenyewe hadi mwisho, akatoka ametoa macho, akasema hakuna kitu ila kuna baridi. Tecla akaiwasha programu upya, ikaanza na sifuri, feni ikazunguka.

Alhamisi iliyofuata, moja. Na iliyofuata, moja. Siku nyingine za wiki, hakuna tatizo. Trafu nyingine, hakuna tatizo. Ukungu wa asubuhi ulikuwa unashuka hadi kwenye madirisha ya juu, na ndani ya chumba kile kirefu watu walianza kuongea kwa sauti ndogo wakikaribia namba nne. Hakuna aliyetaja jina. Wafanyakazi wawili waliomba kuhamishiwa upande wa kufungashia. Mimi niliacha kutazama skrini. Nilipopita pale nilikuwa natazama viatu vyangu, na bado nilijua imeandika nini.

Tecla hakuamini mizimu, na kwa haki niseme hakumcheka aliyeamini. Alisema assert haikutaja mtu, ilisema tu kwamba jambo alilokuwa na hakika nalo si kweli, na kazi yake ni kujua ni lipi. Alibadilisha vioo vya taa akidhani ni unyevu. Alikaa mbele ya kimlango Alhamisi nzima na daftari, na siku hiyo skrini ikasoma sifuri. Aliposimama na kuondoka, wiki iliyofuata, moja ikarudi. Hilo lilimtisha hata yeye. Aliniambia hivyo jioni tukinywa chai: "Kebaso, hii kitu inajua nikiwa pale." Nilimwambia anyamaze anywe chai.

Njenga, meneja wetu wa uzalishaji, hakuwa na muda wa mambo hayo. Kila Alhamisi majani mabichi yalikuwa yanangoja kwenye magunia, yanapata joto, yanaanza kuwa mekundu kabla hayajatandazwa. Alimwagiza Tecla aondoe assert. Tecla akakataa mbele za watu. Alisema kengele ikilia hukati waya wa kengele.

Halafu Tecla akaenda kwao Bomet siku tatu, kumsaidia baba yake na hati ya shamba kwenye ofisi za ardhi. Jumatano Njenga alinijia chumbani.

"Kebaso, si wewe unajua hiyo kompyuta yake? Toa hiyo ma-assert. Siwezi andika kwa ripoti ati majani imeharibika juu ya ghost."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema sijui. Lakini nilijua, kwa sababu Tecla alikuwa amenieleza, na alinieleza ili nisije nikafanya. Kuna neno moja, NDEBUG. Ukiliweka wakati wa kuunda programu, assert zote zinatoweka kana kwamba hazikuwahi kuandikwa, na mengine yote yanabaki. Waandishi wa programu hulitumia kazi ikiisha, mashine isipoteze muda kujiuliza maswali. Niliketi kwenye kiti cha Tecla nikaliandika. Sikufanya kwa ajili ya Njenga. Nilikuwa nimechoka kuambiwa kila wiki kwamba Kipruto hajatoka.

Alhamisi ilikuja na ukungu. Nilifika namba nne wasafishaji wakiwa wameshamaliza. Wawili walikuwa wamesimama kwenye chupa ya chai, migongo yao kwangu. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu niliinua macho nikatazama skrini. Sifuri. Nilihisi mabega yangu yakishuka. Nilitazama ile sifuri kwa muda, na naapa nilikuwa na furaha.

Nyuma yangu Duke akauliza, "Wote wako nje?"

"Wako nje," sauti ikajibu.

Duke akabonyeza. Kengele ya tahadhari, iliyowekwa baada ya kifo cha Kipruto, ikaanza, sekunde kumi kabla feni haijawaka. Niliinama kufunga kimlango. Pembeni yake kuna taa ndogo ya kijani ambayo humeta kila mara mashine inaposoma mlango, usiku na mchana haipumziki. Ilikuwa imezimika. Nikapitisha mkono kwenye kimlango, ndani nje, ndani nje. Skrini haikutikisika. Mashine ilikuwa hailiangalii lango lake kabisa, ila ilikuwa inaandika sifuri.

Niligeuka. Waliokuwa kwenye chai walikuwa bado wawili, na Rodah hakuwa mmoja wao.

Sijui kama nilipiga kelele. Duke anasema sikupiga. Nakumbuka nikining'inia kwenye mkono wa swichi kuu ya ukutani, na umeme wa chumba kizima ukikatika. Feni ilikuwa imeshaanza. Feni ya ukubwa ule haisimami ukiikatia umeme, inaendelea kwa uzito wake, ikipunguza polepole, na tuliisikiliza sote tukiwa gizani. Ilipokaribia kunyamaza tukasikia sauti kutoka chini ya wavu. Ilikuwa inaita, bila haraka, kama mtu anayemwita mwenzake aliye shambani. Iliita, "Kipruto." Ikanyamaza, ikaita tena.

Duke aliketi sakafuni. Mimi niliingia, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Rodah alikuwa ameshikilia nguzo ya wavu kwa mikono yote miwili, hatua nne kutoka kwenye feni. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimenyonywa na upepo, kimejisokota kwenye bapa. Nilipomshika mkono aliniuliza, "Mmempeleka wapi?"

Tecla alirudi Ijumaa. Nilitegemea kelele, nikawa nimejiandaa nazo. Alifungua faili, akasoma kutoka juu, akafika mahali akaacha kusoma.

"Hili ni langu," akasema.

Alinionyesha. Kulikuwa na mstari mwingine, juu zaidi, wa kuhakikisha kwamba idadi ya walio ndani haishuki chini ya sifuri. Uliandikwa assert(soma_mlango() >= 0). Ile soma_mlango ndiyo iliyokuwa inazitazama zile taa, inahesabu watu na kuimetesha taa ya kijani. Alikuwa ameiweka ndani ya assert yenyewe, siku ya kwanza, akijaribu tu mezani, na hakuitoa. Kwa hiyo nilipozizima assert sikuzima maswali peke yake. Nilizima na kazi iliyokuwa imefichwa ndani ya swali. Mashine ikabaki na sifuri iliyoanza nayo, na haikuwa na njia ya kujua vingine.

"Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafelishwa juu ya hii," akasema. "Assert inauliza tu. Haifai kufanya kitu." Akaisukuma laptopu mbali naye. "Nilikuwa karibu kuua mama wa watu, Kebaso. Na nilikuwa naringa."

Nilisema kosa lilikuwa langu. Akasema yalikuwa mawili, na yaandikwe yote mawili.

Aliiandika upya siku hiyohiyo. Kusoma mlango kukapewa mstari wake, assert ikabaki kuuliza peke yake, na akapanga programu kwa namna ambayo yeyote akiliweka lile neno tena, haitakubali hata kuundwa. Kisha akamwita Rodah chumbani kwetu. Alimpa kiti chake, akakaa yeye juu ya sanduku la nyaya, akatoa daftari.

"Mama, ulirudi ndani kufanya nini?"

Rodah alisema kwamba tangu mumewe afe, kila wakimaliza kusafisha, yeye hubaki nyuma ya wenzake, anajifanya anafunga kiatu, anaingiza kichwa na mabega kwenye kimlango na kumwita Kipruto atoke kabla feni haijawaka. Hakuwa amemwambia mtu. Tecla alipokaa pale na daftari aliona aibu, hakuita. Na mwanzoni kabisa, mashine ilipoletwa na kuanza kusema kila Alhamisi kwamba kuna mtu mmoja, akajua kwamba hakuwa anajidanganya, yumo kweli.

"Lakini jana ikasema sifuri," akasema Rodah. "Nimemwita, nikaangalia, sifuri. Nikasema, ameenda wapi, na mimi ndio huwa namtoa? Nikaingia kumtafuta."

Tecla aliacha kuandika. Nilimwona akielewa, na nilimwona akitamani asingeelewa. Akamweleza Rodah taratibu, akitumia kikombe na kalamu juu ya meza, kwamba anayechungulia huzikatiza taa zote mbili, mashine ikamhesabu ameingia, lakini akirudi kinyumenyume haikumhesabu kutoka, kwa sababu hakuwa amevuka. Hilo nalo lilikuwa kosa la programu, na atalisahihisha. Yule mtu mmoja alikuwa kichwa chake Rodah mwenyewe.

Rodah alikitazama kile kikombe. "Kwa hivyo ilikuwa ni mimi."

"Ilikuwa ni wewe, mama. Pole sana."

Hakulia. Alivuta kitambaa kipya alichokuwa amejifunga, akakifunga upya. Mimi nilitaka kutoka nje, lakini Tecla alikuwa bado na daftari.

"Kebaso, nisaidie hatua kwa hatua. Duke aliuliza?"

"Aliuliza wote wako nje."

"Halafu?"

"Mtu akajibu."

Nililisema bila kufikiri. Nilikuwa nimelisema mara nyingi mno katika maisha yangu, kwa polisi, kwa mke wangu, kwa mchungaji, kiasi kwamba nilikuwa namsikia huyo mtu, sauti ya mwanamume, si kubwa, yenye lafudhi ya kwetu. Kalamu ya Tecla ikasimama.

"Nani?"

Nje, mashine za kusagia zilikuwa zinanguruma. Niliwatazama wote wawili.

"Mimi," nikasema. "Jana nilijibu mimi."

"Ulikuwa umewaona wote?"

"Niliona sifuri."

Akaandika. Hakuinua kichwa alipouliza lililofuata, na sidhani alinikusudia mabaya. Ndivyo alivyokuwa tu, hakuweza kuliacha jambo likiwa nusu.

"Na ile siku ya Kipruto, nani alijibu?"

Nilikuwa na miaka mitano ya kusema haijulikani. Midomo yangu ilikuwa imeshajipanga kulisema. Lakini Rodah alikuwa ameketi pale, magoti yake karibu yaguse yangu, na jana nilikuwa nimemshika mkono gizani.

Nilisema hakuna aliyejibu. Niliuliza, kukawa kimya, watu wakawa wanangoja kazi ianze, na mimi mwenyewe nikasema wako nje, kwa sauti, ili wote wasikie. Nikawasha.

Tecla aliweka kalamu chini. Rodah alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Ulipouliza," akasema, "ulingoja kiasi gani?"

"Sikungoja, mama."